Vijana Walioacha Nyavu

Baraka ya utoto wangu, mji wa Kongo ulio ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, iliishi usiku. Siku za giza, mwezi ukiwa haujaandama, mitumbwi iliteremshwa mwaloni jua likizama, kila mmoja na taa yake ya karabai, na kufikia saa mbili usiku ghuba yote kati yetu na rasi ya Ubwari ilikuwa imejaa taa. Ndagala hufuata mwanga. Mmoja aliangalia taa, mwingine alitumbukiza lusenga, ule wavu wa mpini mrefu, akauzungusha chini kwa chini kisha akauinua kwa nguvu za kiuno, maana mikono peke yake haitoshi. Asubuhi samaki walimwagwa mchangani, akina mama wakawatandaza, na kazi yetu sisi watoto ilikuwa kufukuza kunguru. Vijana walioinua lusenga hizo walitupita umri kidogo tu. Nilijua sauti zao. Nilijua nani anapiga kasia kwa mkono wa kushoto na nani huanza kuimba wakikaribia nchi kavu. Ilipofika katikati ya mwaka 1964, wengi wao walikuwa askari.

Uvira iliangukia mikononi mwa waasi mwezi Mei mwaka huo. Albertville, ambayo leo ni Kalemie, ikafuata Juni. Sisi tulikuwa katikati, na vita vilipita kwetu bila kutuuliza. Jina lililokuwa midomoni mwa watu lilikuwa la Gaston Soumialot, mjumbe wa Baraza la Taifa la Ukombozi, lakini wengi wa waliomfuata hawakumfuata yeye. Lumumba alikuwa ameuawa Januari 1961, na Baraka ilimlilia kama mtu wa nyumbani. Uhuru wa tarehe 30 Juni 1960 tuliusikia redioni. Katika maisha ya watu haukuonekana. Mwalimu alifundisha miezi bila mshahara. Askari aliyepita kijijini aliondoka na kuku wa watu. Basi waliposikia kwamba unakuja uhuru wa pili, na kwamba huu utakuwa wa mwananchi wa kawaida, vijana hawakuhitaji kushawishiwa sana.

Mjomba wangu, mdogo wake mama, alikuwa kati ya wa mwanzo kujiandikisha. Jina lake siliandiki hapa, wala majina ya wenzake. Fizi, eneo letu, bado ina watu wenye bunduki, na jina la mpiganaji wa zamani linaweza kumletea mjukuu wake wageni wasiotakiwa. Nitasema tu kwamba alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye kigugumizi kilichompotea kila alipokuwa majini. Alikuwa amelipa sehemu ya mahari. Lusenga yake aliitundika kwenye nguzo ya baraza yetu, akamwambia mama: “Yaya, unitunzie, usimwazime mtu.”

Niliwaona walivyotiwa dawa. Walipangwa karibu na mto Mutambala, vifua wazi, na mganga akapita kwa kila mmoja na wembe. Alichanja chale ndogo kifuani na kwenye paji la uso, akasugua unga mweusi, halafu akachovya kitawi cha majani ndani ya sufuria na kuwanyunyizia maji. Aliwataja masharti polepole na wao wakayarudia. Usiguse mwanamke. Usichukue kitu kisicho chako. Usiogope. Ukiwa vitani utapiga kelele ya “Mai Mulele”, na risasi itageuka maji. Mulele mwenyewe, Pierre Mulele, alikuwa mbali sana, huko Kwilu upande wa magharibi, na sidhani kama kuna aliyekuwa mtoni pale aliyewahi kuona hata picha yake.

Wageni walioandika habari za vita vile wameicheka dawa hiyo. Mimi nimeifikiria kwa miaka mingi na naona jambo ambalo wao hawakuliona. Vijana hawa hawakupitia kambi. Hawakuwa na sajini wa kuwafokea, wala sare, wala sheria ya kijeshi iliyoandikwa mahali. Masharti yale matatu ndiyo yaliyokuwa sheria yao, na kwa miezi ya mwanzo yalishikwa. Mama alikuwa anapika bukari na sombe uani, askari wanne wanasimama nje ya ua, hawaingii, wanaomba kwa sauti ya chini: “Mama, tunaomba chakula kidogo, kama kipo.” Aliwapa. Walikula wakiwa wamechuchumaa barabarani, wakarudisha sahani imeoshwa. Hilo nililiona kwa macho yangu.

Nililiona pia lilivyoharibika. Njaa ilikuja, wakubwa wakapigania vyeo, vikundi vikaanza kupita bila kujulikana vimetumwa na nani. Mbuzi walianza kuchukuliwa, kisha ng’ombe. Waliochukuliwa ng’ombe zaidi ni wafugaji wa milimani, hao tunaowaita leo Wanyamulenge, na wengi wao walipoona hivyo wakaenda upande wa jeshi la serikali. Uadui uliopo Fizi hadi leo, unaoua watu hadi leo, una mzizi mmoja pale. Siwezi kuwasifu vijana wetu nikaliruka hilo.

Wala siwezi kuiruka tarehe 28 Novemba 1964.

Siku nne kabla, tarehe 24, askari wa miamvuli wa Ubelgiji walikuwa wameshushwa Stanleyville kwa ndege za Kimarekani, na habari zilizotufikia Fizi zilikuja zimevimba: kwamba Wazungu wanaua kila Mwafrika, kwamba watatua na kwetu. Hasira iliyokuwa imejikusanya ilitafuta Mzungu wa karibu. Baraka tulikuwa na wamisionari wa Kisaveriani kutoka Italia. Bruda Vittorio Faccin, aliyekuwa na miaka 30, sisi watoto tulimjua kwa sababu alikuwa mtu wa mikono, na ukisimama karibu naye hakukufukuza. Padri Luigi Carrara alikuwa na miaka 31. Mchana ule gari la waasi lilisimama mbele ya misheni. Faccin aliamriwa apande, akakataa, akapigwa risasi hapo hapo. Carrara alitoka kanisani. Alitakiwa aondoke nao, akasema atabaki na ndugu yake, naye akauawa. Jioni ile ile gari lilipanda hadi Fizi, na huko wakauawa Padri Giovanni Didonè na Abbé Albert Joubert. Huyu Joubert alikuwa mtoto wa ziwa letu hili: baba yake ni yule Kapteni Joubert, Mfaransa aliyekuwa askari wa Papa kabla ya kuja kuwalinda watu na wafanyabiashara wa utumwa upande wa Mpala, na mama yake alikuwa Mwafrika wa huku huku.

Sisi tulisikia milio tukiwa nyumbani. Mama alitusukuma chini ya kitanda. Jioni mjomba alikuja. Hakuwa amekuwepo, kikosi chake kilikuwa kusini, lakini alijua waliokuwepo kwa kuwa mmoja wao alikuwa mwenzake wa mtumbwi mmoja. Alikaa barazani chini ya lusenga yake, kigugumizi kimemkaba, akajaribu mara kadhaa kumwambia mama kitu na hakikutoka. Baadaye nikaambiwa alichotaka kusema: kwamba masharti yamevunjwa, na sasa risasi zitaingia.

Risasi ziliingia, lakini si mara moja. Kabla ya hapo walikuja Wakuba.

Tarehe 24 Aprili 1965 kikundi cha watu 14 kilivuka kutoka Kigoma na kushuka Kibamba, kusini yetu. Walijipa majina ya hesabu za Kiswahili: kamanda wao aliitwa Moja, aliyefuata Mbili, na yule wa tatu, Mzungu aliyesemekana kuwa daktari na mfasiri, aliitwa Tatu. Tatu ndiye aliyekuwa Ernesto Che Guevara. Kiswahili alifundishwa na kijana wa miaka 16, Freddy Ilanga, ambaye baadaye alichukuliwa Kuba, akasoma, akawa daktari wa upasuaji wa neva kwa watoto, na akafa Havana mwaka 2005 bila kurudi kuishi kwao. Wakuba waliongezeka hadi kupita 100, wengi wao watu weusi. Kabla ya mwisho wa mwaka Tatu alipita Baraka na Fizi kukagua hali. Mimi sikumwona. Wapo wazee wengi Baraka wanaosema walimwona, na kila mmoja anamwelezea kwa namna yake.

Niliowaona ni Wakuba wawili waliokuja kuwafundisha vijana kuchimba mahandaki ufukweni. Ilikuwa kazi ngumu kwa pande zote. Mchanga wa Baraka ukichimba urefu wa mkono unakutana na maji, na kuta zinajimwaga. Vijana walichimba, shimo likajaa, wakachimba jingine, nalo likajaa. Mkuba mmoja alikasirika, akavua shati, akaingia mwenyewe na koleo, na baada ya muda akasimama maji yakimfika kwenye vifundo vya miguu, akacheka, na vijana wakacheka naye. Walihamia nyuma, kwenye udongo mwekundu juu ya barabara. Huko mahandaki yalisimama. Nimesoma baadaye kwamba wapiganaji wa Kikongo waliogopa kuingia kwenye mashimo kwa ushirikina. Labda kwingine. Pale nilipokuwepo mimi, tatizo lilikuwa maji.

Jambo jingine lililowaudhi sana Wakuba, na ambalo Guevara amelirudia katika maandishi yake, ni kwamba wapiganaji wetu walikataa kubeba mizigo. Chakula na risasi vilitakiwa kupandishwa kutoka ziwani hadi kambi za milimani, na kijana mwenye bunduki alisema kubeba si kazi yake. Wakuba waliona uvivu na kiburi. Hapa lazima niseme habari za babu.

Babu yangu mzaa mama alibeba mizigo ya Wabelgiji katika vita vya 1914 hadi 1918. Wajerumani walikuwa wameipiga mizinga bandari ya Lukuga, yaani Kalemie, Agosti 1914, na kwa muda ziwa lote likawa lao, hadi Waingereza walipoleta boti mbili ndogo kutoka Cape Town kwa reli na kwa kuvutwa porini, Mimi na Toutou, zikaanza kuwinda meli za Kijerumani. Tarehe 28 Julai 1916 jeshi la Kongo ya Kibelgiji liliingia Kigoma, na tarehe 19 Septemba likaingia Tabora. Ubelgiji ilisherehekea Tabora kwa miaka mingi. Lakini kila risasi iliyofika Tabora ilifika kichwani mwa mtu au mabegani mwake. Wapagazi waliokusanywa Kongo katika vita vile walikuwa zaidi ya 200,000, wengi kwa nguvu, na waliokufa kwa kuhara, kwa njaa na kwa baridi ya milimani hawakuwekewa hesabu ya uhakika. Babu alirudi na bega la kulia lililoinama, na juu yake kovu gumu lisilo na hisia. Alituruhusu sisi wajukuu kulifinya. Hakusimulia vita. Alitaja tu kwamba kijana wa kwao waliyetoka naye aliachwa kando ya njia akiwa bado anapumua, kwa sababu msafara haukusimama.

Kwa hiyo vijana wa Baraka walipopewa bunduki, jambo moja walilolijua kabla ya siasa yoyote ni kwamba mwenye bunduki habebi. Bunduki ilikuwa alama ya kutoka kwenye safu ya babu zao. Sisemi walikuwa sahihi kijeshi. Vita haviendi bila chakula, na walipaswa kuelewa hivyo. Nasema hakuna aliyewauliza sababu.

Usiku wa kuamkia tarehe 27 Septemba 1965 ziwa lilikuwa giza. Karabai zilikuwa zimepigwa marufuku kwa miezi kadhaa, kwa sababu ya ndege na boti za doria, na ndagala wakawa chakula cha kusimuliwa. Mama alikuwa ametuhamishia shambani, kwenye mwinuko wa nyuma ya mji, na tulilala kwenye kibanda cha kulindia mihogo. Kabla ya alfajiri tuliamshwa na injini. Halafu ufukwe ukaanza kuwaka upande wa kaskazini ya mji.

Walikuwa mamluki wa kikosi cha 5 Commando, wengi kutoka Afrika Kusini, Rhodesia na Uingereza, pamoja na jeshi la serikali, wakiletwa kwa meli na boti kutoka Albertville. Kamanda wao alikuwa Mike Hoare, mtu aliyepata uaskari wake katika jeshi la Uingereza, kwenye kikosi cha London Irish Rifles na baadaye India na Burma. Kulipopambazuka zikaja ndege, T-28 na B-26, na marubani wake walikuwa Wakuba pia, wale waliomkimbia Castro na kuajiriwa na Wamarekani. Wakuba kwa Wakuba walipigana juu ya vichwa vyetu, na waliokufa kwa wingi walikuwa wavuvi.

Kitu ninachokikumbuka kuliko vyote asubuhi ile ni filimbi. Tangu mwanzo wa vita tulizoea mapigano kuwa kelele: nyimbo, mayowe, “Mai Mulele”. Safari hii kulikuwa na filimbi fupi, moja, kisha mbili, na baada ya kila filimbi bunduki zilinyamaza au zilianza kwa pamoja. Mama alisema, “Hawa si wetu.” Walikuwa wetu. Walikuwa wamefundishwa, na walikuwa wanalishika walilofundishwa. Hoare mwenyewe, ambaye hakuwa na sababu ya kuwasifu, aliandika kwamba huko Baraka alikutana na upinzani wenye nidhamu ambao hakuwa ameuzoea, na mji uliokusudiwa kuchukuliwa haraka ulipiganiwa kwa siku kadhaa. Vijana walirudi kushambulia tena na tena kwenye barabara ile ya katikati, pale ambapo leo pikipiki hungoja abiria. Wengi walianguka hapo. Kutoka mwinuko tuliona moshi tu, na usiku tuliona majeruhi wakipandishwa kwa machela za miti na mablanketi. Waliowabeba walikuwa wapiganaji wenzao. Siku zile hakuna aliyesema kubeba si kazi yake.

Fizi ilichukuliwa Oktoba. Tarehe 21 Novemba 1965 Wakuba waliondoka kwa boti kuelekea Kigoma, na wapiganaji wengi wa Kikongo waliotaka kuondoka nao waliachwa ufukweni kwa kukosa nafasi.

Sisi tulivuka kabla ya hapo, usiku, kutoka upande wa Ubwari, na aliyetuvusha ni mjomba. Alikuwa na jeraha la bega lililofungwa kwa kitambaa cha kitenge, akapiga kasia kwa mkono mmoja huku mama akisaidia kwa upande wa pili. Ziwa lilikuwa na mawimbi ya wastani. Hakuna aliyesema neno, maana boti za doria husikia mbali. Alfajiri tukaona milima ya Tanganyika ya zamani, Tanzania ya sasa, na wavuvi wa Kigoma wakatuelekeza pa kushukia bila kutuuliza tumetoka wapi. Walikuwa wamekwisha kuona wengi. Mama alimsihi mjomba abaki. Alikunywa uji, akalala hadi jioni, akachukua mtumbwi akarudi. Lusenga yake ilibaki Baraka kwenye nguzo, na nyumba ile haikuwepo tena.

Nilikulia Kigoma, nikasomea huko, nikawa mwalimu huko. Kila aliyevuka alikuwa na habari. Ndivyo tulivyojua kwamba waliobaki milimani hawakuacha. Desemba 1967 Laurent-Désiré Kabila alianzisha Chama cha Mapinduzi ya Umma, PRP, na sehemu ya milima ya Fizi ikawa nchi yake, yenye mashamba ya pamoja, shule zake, dhahabu yake na njia zake za siri za kuvuka ziwa. Hali hiyo iliendelea karibu miaka 20. Dunia ilimjua Kabila tena mwaka 1996, na tarehe 17 Mei 1997 akawa rais. Watu wa Fizi waliomlisha na kumficha miaka yote ile walikuwa wamezeeka milimani. Mjomba alishuka miaka ya themanini, taratibu, bila kutangaza. Hakupata cheo wala pensheni. Alirudi kuvua, safari hii kwa nyavu za watu wengine, akazaa watoto akiwa amechelewa, na akafariki kabla vita vya 1998 havijafika kwake.

Vitabu vya vita vile nilivisoma utu uzimani. Cha Hoare kilitoka 1967. Cha Guevara kilikaa miaka zaidi ya 30 kabla ya kuchapishwa, na ni kitabu cha mtu mkweli anayejilaumu kuliko anavyolaumu wengine. Vyote viwili nimevisoma kwa kalamu mkononi, nikitafuta watu wangu. Nimewakuta wakikimbia, wakilewa, wakiogopa giza, wakipiga risasi hewani. Makamanda wana majina, Wakuba wana majina ya hesabu, mamluki wana majina na picha. Kijana wa Baraka hana jina.

Binti yangu alipelekwa Uingereza kupitia mpango wa kuwahamisha wakimbizi, akapangiwa Bolton, ambako kuna Wakongo wengi. Nilipomtembelea alinipeleka mji wa jirani, Accrington, mji wa viwanda vya pamba vilivyokwisha kufungwa. Mwaka 1914 vijana wa mji huo na vijiji vyake walijiandikisha pamoja, majirani, ndugu, watu wa kiwanda kimoja, wakawa batalioni moja ya watembea kwa miguu: batalioni ya 11 ya East Lancashire Regiment. Tarehe 1 Julai 1916, kwenye mto Somme huko Ufaransa, karibu vijana 700 wa batalioni hiyo waliingia vitani asubuhi, na kwa muda wa chini ya saa moja 584 walikuwa wameuawa, wamejeruhiwa au hawajulikani walipo. Mwezi ule ule babu yangu alikuwa na mzigo begani, upande wa pili wa ziwa letu.

Katika bustani ya Oak Hill kuna mnara wao. Nilisimama nikasoma majina, moja baada ya jingine, hadi binti yangu akaniletea kiti. Jina la ukoo mmoja lilirudi mara nne. Hakuna ufafanuzi wa nani alikuwa hodari na nani aliomba mama yake. Hakuna anayewauliza kama vita vile vilikuwa vya haki, na mimi ninavyovijua, havikuwa na haki yoyote iliyozidi ya kwetu. Walitoka hapa, hawakurudi, na mji umewaandika.

Niliporudi Baraka kuishi, nilianza daftari. Nimekwenda kwa wazee wa Mutambala, wa Malinde, wa Ubwari, na kwa wajane ambao bado wapo, nikiuliza swali moja: nani alitoka kwenye nyumba hii mwaka 1964 na 1965, na ilikuwaje? Wengine wanatoa jina kabla sijakaa. Wengine wanataka kwanza kujua nani atalisoma. Nimeandika pia kazi aliyokuwa akiifanya kila mmoja, kwa sababu nataka ijulikane: lusenga, lusenga, mawese, lusenga, mwalimu msaidizi, fundi baiskeli, lusenga. Safu ya wapagazi wa 1916 nimeiweka mwanzoni mwa daftari, ingawa ni fupi. Waliowakumbuka wamekwisha.

Tarehe 18 Agosti 2024, Uvira, mbele ya umati mkubwa, Kanisa liliwatangaza Faccin, Carrara, Didonè na Joubert kuwa wenyeheri, na Kardinali Fridolin Ambongo ndiye aliyeongoza misa. Nilikuwepo, nililia, na sioni haya. Watu wale walistahili siku hiyo tangu zamani. Jioni tulikaa wazee wachache wa Baraka kwenye ua wa mwenyeji wetu, na daftari likatolewa. Tulifika kwenye jina la yule mwenzake mjomba, wa mtumbwi mmoja, aliyekuwa ndani ya gari tarehe 28 Novemba. Aliuawa ufukweni Septemba iliyofuata, siku ya pili ya mapigano, akiwa anamburuta mwenzake aliyekatika mguu. Mmoja wetu, katekista mstaafu, alisema jina hilo lisikae karatasi moja na mengine, maana ni kuchafua daftari, na hasa siku kama ile. Mwingine alisema likae, ila kando. Tulibishana hadi taa ikaishiwa mafuta, na hatukukubaliana.

Mimi ninaliandika. Naandika kwamba alikuwa mvuvi, mwana wa fulani na fulani, kwamba tarehe 28 Novemba 1964 alikuwa ndani ya gari lile, na kwamba tarehe 28 Septemba 1965 alikufa akimvuta mwenzake. Vyote viwili kwenye mstari mmoja, kwa wino. Dada yake yupo hai, ana miaka inayokaribia 90, na aliponipa jina alinitajia mambo yote mawili mwenyewe, la kwanza kabla ya la pili, halafu akanisomesha herufi za jina hilo moja moja, ili nisikosee.